Anayekimbia uwanjani na mkoba: daktari wa michezo ni nani hasa?

Mchezaji akianguka pale uwanja wa Sokoine, hapa Mbeya, na asiinuke, jukwaa zima linaita mtu mmoja: "Dokta! Dokta!" Anachomoka mtu kwenye benchi la ufundi na mkoba begani, anapiga magoti, ananyunyiza, anavuta mguu, anafunga bandeji, na kijana anachechemea hadi nje ya mstari. Jioni ukipita Mwanjelwa, Kabwe au Mafiati, kesi imeshafunguliwa. Mmoja anasema dokta wa timu hajui kazi, angemdunga sindano jamaa angemaliza mechi. Mwingine anasema timu isiyo na daktari wa mifupa haiendi popote. Wa tatu anashangaa kwa nini majeruhi kapelekwa Dar es Salaam wakati timu ina daktari wake. Wote watatu wanamjadili mtu ambaye huenda si daktari kabisa. Siwalaumu, maana ni nadra mtu kukaa chini akawaeleza mashabiki nani ni nani pale pembeni ya uwanja.

Maswali haya yataongezeka. AFCON ya 2027 inachezwa kwetu, Kenya na Uganda, na vijana wa sekondari wanaoupenda mpira lakini wanajua hawatakuwa washambuliaji wameanza kuuliza mtu anafikaje kwenye lile benchi akiwa daktari. Jibu linamgusa pia anayecheza ndondo Uyole na binti anayecheza netiboli ya shule Makambako, kwa sababu hao ndio wanaoumia bila mtu wa kuwaangalia.

Tuanze na watu wenyewe. Daktari wa michezo ni daktari wa binadamu kwanza. Amesoma udaktari uleule aliousoma daktari wa wodi ya watoto, amehudumia wagonjwa wa malaria na kisukari, ndipo akaongeza mafunzo kuhusu mwili unaofanya mazoezi: unaumiaje, unapona kwa muda gani, moyo wake unabadilikaje, na dawa gani haziruhusiwi kuingia humo. Anaweza kukuandikia dawa, kuagiza kipimo na kukulaza, na sahihi yake inaweza kukuzuia kucheza.

Mtaalamu wa fiziotherapia ni mtu mwingine. Yeye amesomea fani yake kwa ngazi ya stashahada au shahada, na hapa nchini KCMC ya Moshi imewatoa wengi. Kazi yake ni kurudisha mwendo na nguvu. Anajua goti lianze kukunjwa lini, libebeshwe uzito gani wiki hii, na zoezi lipi lisubiri. Ndiye anayekaa na majeruhi miezi na miezi, na mara nyingi ndiye huyo tunayemwona akikimbia na mkoba.

Daktari bingwa wa mifupa ndiye anayepasua. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ndiko majeruhi wengi wa goti kutoka mikoani wanakoishia. Kisha kuna tabibu, mwenye stashahada ya miaka mitatu, anayetibu magonjwa ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya. Kwenye timu za madaraja ya chini si ajabu kumkuta yeye ndiye "dokta". Mwisho kuna mchuaji au mtu wa huduma ya kwanza, pengine mchezaji wa zamani mwenye mikono mizuri na moyo wa kujitolea.

Wote wanahitajika. Balaa linaanza pale mmoja anapobebeshwa kazi ya mwingine kwa sababu tu ameshika mkoba: mchuaji anaulizwa kama mfupa umevunjika, mtaalamu wa fiziotherapia anadaiwa sindano, daktari wa mifupa anatakiwa aseme kijana arudi kikosini Jumamosi ipi wakati hajawahi kumwona akikimbia. Kanuni za leseni za klabu za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zimelitambua hilo, zinataka klabu iwe na daktari na iwe na mtaalamu wa fiziotherapia, kila mmoja kwa nafasi yake.

Sasa safari ya kufika huko. Inaanzia kidato cha sita na fizikia, kemia na baiolojia, kisha shahada ya udaktari ya miaka mitano. Kwa kijana wa Nyanda za Juu Kusini si lazima apande basi la Dar es Salaam: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya hapahapa Mbeya, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko jirani. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa utarajali, anaouzunguka kwenye upasuaji, wazazi, watoto na magonjwa ya ndani. Ndipo anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Miaka sita imekwisha na bado hajagusa michezo.

Kuanzia hapo njia zinagawanyika, na hapa ndipo wengi wanapopotea, maana wanatafuta mlango mmoja na mlango mmoja haupo. Uingereza iliutambua udaktari wa michezo na mazoezi kuwa fani ya ubingwa inayojitegemea mwaka 2005. Finland ilitangulia, mwaka 1986. Marekani wanafanya vingine: unamaliza kwanza ubingwa wa familia, wa watoto, wa dharura au wa magonjwa ya ndani, kisha unaongeza mwaka mmoja au zaidi wa michezo. Anayetaka kupasua anapita miaka mitano ya mifupa, halafu anaongeza mwaka wa majeraha ya michezo. Karibu na kwetu zaidi, vyuo vikuu vya Cape Town, Stellenbosch na Pretoria vinafundisha shahada ya uzamili ya fani hii, na kwa daktari wa Kitanzania hiyo ndiyo safari fupi. Aliyebaki nyumbani kwa kawaida hutokea kwenye mifupa, magonjwa ya ndani au udaktari wa kawaida wa hospitali, akaongeza kozi za mpira na miaka ya kukaa benchi.

Ndiyo maana ukizichungulia historia za waliobobea hukuti sura moja. Wa zamani kabisa anayejulikana vizuri ni Galen, aliyewatibu wapiganaji wa ulingoni pale Pergamo katika karne ya 2. Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya dakika 4, tarehe 6 Mei 1954, alikuwa kijana wa udaktari aliyekuwa akijinoa baada ya vipindi vya hospitali. Alikuja kuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na alipoongoza Baraza la Michezo la Uingereza miaka ya 1970 alisukuma vipimo vya kugundua dawa za kujenga misuli. Jiri Dvorak, aliyekuwa mkuu wa tiba wa FIFA kwa miaka mingi, naye ni bingwa wa mishipa ya fahamu. Hans-Wilhelm Müller-Wohlfahrt, aliyeanza kuitibu Bayern Munich mwaka 1977, ni wa mifupa. Kijana anayedhani lazima awe mpasuaji ndipo aingie kwenye michezo anajifungia mlango mwenyewe. Sehemu kubwa ya majeraha ya michezo haihitaji kisu kabisa.

Haya, kama hapasui, anafanya nini?

Kazi yake kubwa ni uamuzi. Chukulia lori la mbao kutoka Mafinga limefika juu ya mteremko wa Kitonga, breki zimepata moto. Mwenye mali anapiga simu, mzigo unasubiriwa Dar. Dereva anasema yuko sawa, twende. Fundi keshakaza alichoweza kukaza. Anatakiwa mtu mmoja pale mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema lori hili halishuki leo, na neno lake lisivunjwe na simu ya mtu yeyote. Daktari wa timu yuko kwenye nafasi hiyo kila wiki. Kocha anamtaka mchezaji, mchezaji mwenyewe anaapa kwamba hasikii maumivu, viongozi wamebakiza pointi tatu wasishuke daraja, na jukwaa linapiga kelele. Akikubali kila mara hana maana, na akikataa kila mara hawamsikilizi.

Kisa kilichoionyesha dunia uzito huo kilitokea London tarehe 8 Agosti 2015. Chelsea ilikuwa nyumbani na Swansea, sare ya 2-2, dakika za majeruhi, tena Chelsea wakiwa wachezaji 10. Eden Hazard akaanguka. Mwamuzi akawaita watu wa tiba, daktari Eva Carneiro na mtaalamu wa fiziotherapia Jon Fearn wakaingia. Kwa kanuni, aliyetibiwa uwanjani hutoka nje kwanza, hivyo Chelsea wakabaki 9 kwa muda. Kocha José Mourinho aliwashambulia hadharani kwamba hawakuelewa mchezo. Carneiro aliondolewa kwenye majukumu ya kikosi cha kwanza, akaacha kazi, akaenda kwenye baraza la usuluhishi wa ajira, na mwaka 2016 kesi ikaisha kwa maelewano huku klabu ikimwomba radhi. Alikuwa ameitwa na mwamuzi, na mgonjwa alikuwa chini. Kwa daktari hakuna hesabu nyingine hapo. Nawasihi viongozi wa timu zetu wakisome kisa hiki kabla hawajamgombeza mtu wa tiba mbele ya mashabiki.

Mahali ambapo uamuzi huu unapuuzwa zaidi ni kichwani. Wachezaji wawili wanagongana hewani, mmoja anakaa chini akiwa ametoa macho, anamwagiwa maji, anainuka, jukwaa linapiga makofi kwa ujasiri wake. Kilichompata huitwa mtikisiko wa ubongo, na si lazima azimie ndipo uwepo. Aliyefundishwa hamwulizi "uko poa?" kwa sababu kila mchezaji atajibu yuko poa. Anamtazama machoni na kumuuliza: tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga goli la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Maswali hayo yalipangwa na kupimwa na watafiti wa Australia, na yanatumika dunia nzima. Anayetafuta jibu la goli la mwisho kana kwamba anakumbuka mambo ya utotoni anatoka, na siku hiyo harudi, hata akisema amekumbuka. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba na kuua, hasa kwa vijana. Sheria za soka tangu Julai 2024 zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadilisha aliyeumia kichwa, ili timu isiwe na kisingizio cha kumbakiza.

Tushuke miguuni sasa, kwenye enka, maana hakuna wiki inayopita bila mtu kuitegua. Hapa ndipo tofauti kati ya aliyesoma na asiyesoma inaonekana kwa macho. Asiyesoma anaushika mguu na kuuvuta. Aliyesoma hauvuti. Anakaa upande wa kiatu, anakilegeza, kisha kwa kidole gumba anabonyeza sehemu chache tu za mfupa: ukingo wa nyuma wa nundu ya nje ya enka na kupanda juu yake kama sentimita 6, halafu nundu ya ndani vivyo hivyo. Anashuka kwenye ule mfupa unaojitokeza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, kisha mfupa ulio juu ya tao la mguu upande wa ndani. Anauliza maumivu yako kwenye mfupa au kwenye nyama inayouzunguka. Kisha anamwomba asimame na kutembea hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma penye sehemu hizo, au hatua 4 zikishindikana, anapelekwa akapigwe picha ya X-ray. Visipokuwepo vyote viwili, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na picha inaweza kusubiri. Utaratibu huu ulitengenezwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Kwa mtu wa Ludewa au Makete anayefikiria nauli ya kwenda hospitali yenye X-ray, kidole gumba kilichofundishwa kinaokoa fedha na kinaokoa mguu.

Baada ya hapo nyumbani linakuja sufuria la maji ya moto. Hili nalisema kwa heshima kwa mama na bibi zetu, kwa sababu mkono unaokanda una upendo ndani yake, lakini jeraha la leo halikandwi kwa maji ya moto wala halichuliwi kwa nguvu. Ndani ya saa za kwanza mishipa midogo iliyokatika bado inavuja damu, na joto na kuchua vinaifungua zaidi, uvimbe unaongezeka. Siku mbili tatu za mwanzo mguu unapumzishwa, unafungwa bandeji isiyobana hadi vidole kufa ganzi, unainuliwa juu ya mto. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, inapunguza maumivu. Hapo hata wataalamu wameendelea kujifunza: Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza ushauri wa barafu na mapumziko mwaka 1978, aliandika mwaka 2014 kwamba barafu nyingi na mapumziko marefu vinaweza kuchelewesha kupona. Siku hizi mguu unaanza kutembezwa mapema, taratibu, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Maji ya uvuguvugu yana wakati wake, wakati huo ni baadaye, misuli inapokuwa imekaza.

Sindano nayo ina waumini wengi vijiweni. Sindano ya maumivu haiungi kitu kilichochanika. Inazima kengele wakati moto unaendelea kuwaka. Tena kuna hatari ambayo daktari mzuri wa hospitali asiyejua michezo anaweza asiijue. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, WADA, lina orodha inayofanyiwa marekebisho kila mwaka. Tramadol, dawa ya maumivu ambayo wodini ni ya kawaida, imekatazwa siku za mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024. Sindano za jamii ya kotizoni zimekatazwa siku za mashindano tangu Januari 2022, iwe umechomwa begani, gotini au kwenye makalio. Frusemidi, anayopewa mgonjwa wa presha ili apunguze maji mwilini, imekatazwa siku zote kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Mchezaji akipimwa akakutwa nayo, kusema "nilipewa na daktari" hakumwoshi. Ugonjwa ukihitaji dawa hiyo kweli, kuna kibali maalum cha matibabu kinachoombwa, na kazi ya daktari wa michezo ni kukijua kabla dawa haijamezwa. Hili linawahusu na wakimbiaji wetu wa marathoni, wanaonunua dawa za mafua dukani asubuhi ya mbio.

Kuhusu goti nitasema kwa kifupi. Kuchanika ligamenti ya mbele ya goti hakumaanishi kisu kila mara. Wapo wanaoimarisha misuli ya paja na kuishi vizuri bila upasuaji, hasa asiyerudi kwenye mchezo wa kukata kona na kugeuka ghafla. Aliyepasuliwa ajue kwamba miezi 9 ndiyo kipimo kinachoheshimika kabla ya kurudi kwenye ushindani, na anayerudi mapema anarudi akiwa na hatari kubwa ya kulichana tena. Mabinti wanaocheza mpira wanaumia ligamenti hii mara mbili au zaidi kuliko wavulana, na ndio wanaopata huduma kidogo kuliko wote. Dawa yake nyingine ni bure: ule mpango wa FIFA wa kupasha misuli kwa dakika kama 20 kabla ya mazoezi. Utafiti wa Norway kwa mabinti wanasoka uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha majeraha kupungua kwa takribani theluthi moja kwenye timu zilizoufuata. Mwezi Juni na Julai, Njombe na Mufindi zinapoganda asubuhi, kuingia uwanjani bila kupasha ni kuyaita majeraha.

Na kwa kuwa tumetaja baridi, tumalize na ule ubishi wa "timu za Dar zinakufa pumzi Mbeya". Mji wetu uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kidogo, na mtu aliyetoka pwani jana anaweza kulihisi hilo kwenye mbio ndefu, lakini athari yake ni ndogo ukilinganisha na kule La Paz, Bolivia, penye zaidi ya mita 3,600. FIFA yenyewe ilipopiga marufuku mechi za kimataifa za miinuko mwaka 2007, kabla ya kuiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, mstari iliouchora ulikuwa mita 2,500. Kinachomhangaisha zaidi daktari wa timu inayopanda huku ni mchezaji mwenye vinasaba vya selimundu. Mbebaji wa kinasaba kimoja kwa kawaida ni mzima kabisa na anaweza kucheza, ila akichanganya juhudi kali, upungufu wa maji na mwinuko anaweza kuanguka kwa namna inayofanana na uchovu wa kawaida. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa wa selimundu duniani, hivyo daktari wa michezo wa hapa anapaswa kuujua ugonjwa huu kuliko mwenzake wa Ulaya.

Kuna na moyo, jambo ninaloliona kubwa kuliko yote haya. Tarehe 26 Juni 2003 Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka Lyon, Ufaransa, katikati ya nusu fainali ya Kombe la Mabara, bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28, na msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kuliko kawaida. Desemba 2016, kijana wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alianguka uwanja wa Kaitaba, Bukoba, muda mfupi baada ya kufunga goli, akafariki. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen alianguka Copenhagen, moyo ukasimama. Yeye yuko hai na alirudi kucheza, kwa sababu watu wa tiba walikuwa wamefundishwa, kifua kilianza kukandamizwa upesi na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa mkononi. Kila dakika inayopita bila mshtuo huo inakula asilimia 7 hadi 10 ya uwezekano wa kupona. Maji usoni na kupepea kwa jezi havirudishi moyo uliosimama.

Kabla ya siku hiyo kuna kazi isiyoonekana na shabiki yeyote: uchunguzi wa mwanzo wa msimu. Daktari anauliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, kama mchezaji aliwahi kuzimia akikimbia, anasikiliza kifua, anapima umeme wa moyo. Italia waliufanya uchunguzi huu kuwa wa lazima kisheria kwa wanamichezo wa mashindano mwaka 1982. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache. Timu inayosafiri kutoka Mbeya hadi Bukoba kwa basi ina muda wa kukifanya kabla ya msimu.

Vijana wanauliza pia kuhusu maisha yenyewe ya kazi hii. Madaktari wengi wa michezo, hata kwenye nchi tajiri, hawaishi kwa timu peke yake. Jumatatu hadi Ijumaa wako kliniki, Jumamosi wako benchi. Wanaotibiwa nao si mastaa tu: ni askari anayeumwa mguu kwa gwaride, mwalimu wa Iringa aliyeambiwa apunguze sukari kwa mazoezi na hajui aanzie wapi, mzee wa miaka 60 anayetaka kukimbia kilomita 5 za Tulia Marathon na ana presha. Fani hii inaitwa ya michezo na mazoezi kwa sababu hiyo. Daktari aliyeko wilayani anayewahudumia hao keshaanza nusu ya kazi.

Timu isiyo na uwezo wa kuajiri daktari inaweza kuanza na makubaliano: idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya mkoa ione majeruhi siku moja kwa wiki, daktari mmoja aliyesajiliwa akubali kupigiwa simu, na namba ya gari la wagonjwa iandikwe kwenye mkoba kabla ya mechi. Anayeshika mkoba huo afundishwe kukandamiza kifua. Yeyote anayetambulishwa kama daktari wa timu anaweza kuulizwa kwa heshima amesajiliwa na baraza gani, na aliye daktari kweli hatachukia. Kwa anayetaka kuongeza ujuzi, FIFA ina stashahada ya tiba ya soka inayosomwa mtandaoni bila ada. Haimgeuzi mtu kuwa daktari, lakini inafundisha mtikisiko wa ubongo, enka, goti na moyo kwa mpangilio mzuri, na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aliyeko Songea au Sumbawanga anaweza kuianza kwa simu yake.